Kisangani: Kadi ya mkono kwa Sikukuu ya Wazazi, na rangi isiyopenda mvua

Tarehe 1 mwezi wa nane, asubuhi, wakaaji wa Kisangani hushika jembe na panga na kwenda kufyeka majani juu ya makaburi ya jamaa zao. Mchana hurudi kwa wazazi walio hai, na hapo kuna chakula, kinywaji, na kikwembe kipya kwa mama kama mfuko unaruhusu. Ndiyo Sikukuu ya Wazazi, siku ya mapumziko katika Kongo nzima. Anayetaka kutoa kadi siku hiyo ana njia mbili: kununua iliyochapwa, yenye maua na maneno ya Kifaransa yaliyokwisha kuandikwa, mtoto aongeze jina lake tu, au kuketi na kuitengeneza mwenyewe.

Kadi ya pili haidai vitu vingi: karatasi ngumu, kisanduku kidogo cha rangi za maji, burashi mbili, gundi, na vitu vinavyookotwa. Vipande vya kikwembe ambavyo washonaji hufagia jioni. Majani makavu ya ndizi, yenye rangi kuanzia ile ya maziwa hadi ile ya kahawa. Makaa ya jikoni. Kinachosumbua Kisangani ni hewa yenyewe.

Mji huu uko karibu kabisa na ikweta, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Mwezi wa nane Lubumbashi ni kiangazi na karatasi iliyolowa hukauka upesi. Kisangani inaweza kukaa saa nyingi bado ina ubaridi wa maji, kisha inajikunja kama jani la mchicha. Karatasi ya fotokopi, ambayo kwa kawaida ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, haivumilii kabisa. Ile iliyotengenezwa kwa rangi za maji hufika gramu 300. Asiyeipata atumie bristoli ya wanafunzi, lakini kwa maji machache. Njia salama ni kuchora juu ya kipande kidogo cha pembeni, kisha kukibandika juu ya kadi iliyokunjwa. Kikiharibika, kimepotea kipande tu, kadi bado ipo. Picha ikiacha kung'aa kwa maji, ilazwe chini ya vitabu vizito hadi kesho yake.

Katika rangi za maji, kazi huanza na rangi nyepesi na kumalizia na nzito, na weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Mtu akichora wavuvi Wagenia, ile miti yao mirefu iliyosimikwa katika maporomoko na vikapu vyake, povu la mto halipakwi. Linaachwa. Au linachorwa kwanza kwa mshumaa mkavu, kisha rangi ya buluu inapitishwa juu: pale nta ilipopita, rangi inakataa kushika, na mistari ya povu inajitokeza yenyewe. Watoto hupenda sana hila hii, na wakubwa pia, ingawa hawasemi.

Wanaodhani kwamba kazi hii ya karatasi na rangi ni mchezo wa Wazungu wangeangalia upande wa Bukama, katika Katanga ya zamani. Mwaka 1926, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, aliona michoro kwenye kuta za nyumba za udongo. Akamtafuta mchoraji wake, Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu, akampa karatasi na rangi za maji. Antoinette Lubaki, mke wake, alichora pia. Wanyama, watu na miti yao husimama juu ya karatasi nyeupe, na weupe huo unafanya kazi kubwa kuliko rangi. Mwaka 1929 kazi hizo zilionyeshwa Bruxelles. Mwaka 2015 zilitundikwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kwenye Fondation Cartier. Karatasi zilisafiri, wenye mikono walibaki, na vitabu vya sanaa havina hata tarehe ya kifo cha Albert.

Karibu zaidi na Kisangani, ukifuata barabara ya taifa namba 4 kupitia Bafwasende hadi msitu wa Ituri, wanawake Wambuti wanachora juu ya nguo ya magome ya mti. Wanaume hupiga gome hadi lilainike, wanawake huchora kwa vidole na vijiti. Weusi wao hutoka kwenye maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na makaa. Kuweka makaa na rangi ya maji pamoja juu ya kadi, basi, si jambo geni katika pande hizi. Ila makaa yaje mwisho, rangi ikiisha kukauka, maana yanachafua kila kidole.

Gundi ya unga wa muhogo inatosha kwa kikwembe na majani ya ndizi, mradi ipikwe iwe nzito. Ile nyepesi inakunja karatasi. Pembe za kitambaa zipakwe gundi kabla ya kukatwa, nyuzi zisifumuke. Ubaya wake ni mmoja: mende wanaipenda. Kadi isiachwe wazi usiku.

Halafu kuna wale ambao mzazi wao hayuko tena nyumbani. Kisangani ni wengi. Vita vya siku sita, kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda ndani ya mji huu, tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita mwaka 2000, peke yake viliua mamia ya raia. Waliokuwa watoto wachanga mwaka ule leo ni watu wazima. Wakitaka kuacha kadi makaburini asubuhi ya tarehe 1, wajue kwamba rangi ya maji hata ikikauka huyeyuka tena ikiguswa na maji. Mvua ya kwanza itachukua mto, wavuvi na vikapu. Kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki hakusaidii sana, kwa sababu unyevu unabaki ndani na ukungu unaota.

Wino wa Bic ya kawaida, ile ya wanafunzi, hauyeyuki hivyo. Wino wa kalamu ya felti mara nyingi unayeyuka. Kwa hiyo maneno ya kadi ya makaburini yaandikwe kwa Bic, yakandamizwe vizuri, jina la mzazi kwanza, kisha jina la mtoto na mwaka. Rangi ikiondoka, hayo yatabaki kusomeka kwa muda juu ya karatasi nyeupe.