Mali bila daftari, ghorofa bila mkaguzi

Wiki iliyopita nilipokea barua ya msikilizaji mmoja wa Dar es Salaam, mama anayeuza chakula cha mchana kando ya jengo linaloinuka. Anaeleza kuwa mafundi wenyewe walimwambia jengo hilo lingekuwa la ghorofa tatu. Sasa wanasuka nondo za ghorofa ya sita. Alimwuliza mwenyekiti wa mtaa, akaambiwa aende halmashauri. Alipofika huko akaambiwa alete malalamiko kwa maandishi. Mwisho wa barua ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale: Bunge linakaa Dodoma kukagua fedha za serikali, mbona halikioni kitu kilicho juu ya kichwa chake?

Ndugu msomaji, swali la mama huyu lina uzito. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, na watu 36 wakafa. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilisema kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka ghorofa jingine Kariakoo, mahali ambapo nchi nzima hufuata bidhaa, na watu wasiopungua 29 wakapoteza maisha. Waziri Mkuu aliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Ni jambo jema, lakini kamati inayoundwa baada ya maziko haiwezi kumfufua mtu.

Basi tuanze na Bunge. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Katika mambo ya fedha kazi hiyo ina ncha mbili. Ya kwanza ni kuidhinisha. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni wabunge hupitia makadirio ya wizara moja baada ya nyingine, na bila idhini yao Hazina haina ruhusa ya kutoa fedha kwa mwaka unaoanza tarehe 1 Julai. Hiyo ndiyo ncha tunayoisikia sana redioni, kwa sababu ina hotuba na makofi.

Ncha ya pili haina makofi. Ni kuuliza fedha zilikwenda wapi. Hapa Bunge humtegemea Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake imeandikwa katika Ibara ya 143. Kila mwaka hukagua hesabu za wizara, mashirika na halmashauri, akampa Rais taarifa mwishoni mwa Machi, nayo huwasilishwa bungeni. Kisha kamati za Bunge huichambua. Kamati ya Hesabu za Serikali hushughulika na Serikali Kuu, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa hushughulika na halmashauri. Anayeitwa mbele ya kamati ni Afisa Masuuli, yaani yule anayebeba dhamana ya fedha. Wizarani ni Katibu Mkuu, na katika halmashauri ni mkurugenzi.

Mkaguzi na Bunge wanahitajiana. Bila mkaguzi Bunge ni kipofu, na bila Bunge mkaguzi ni bubu. Ndiyo maana wengi tulishtuka tarehe 2 Aprili 2019, Bunge lilipoazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alikuwa ametumia neno "dhaifu" alipolizungumzia Bunge. Walipogombana hao wawili, mwenye mali, yaani mlipa kodi, ndiye aliyebaki bila wa kumsemea.

Kuna mambo mawili ambayo hapana budi tuyaelewe. La kwanza ni hii inayoitwa hati safi. Halmashauri ikipata hati safi watu hushangilia kama timu iliyotwaa kombe. Lakini hati safi maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa kufuata taratibu na vinaonyesha picha ya kweli. Haina maana kwamba zahanati iliyojengwa ina dawa, wala kwamba ukuta wake hauna ufa. Mtu anaweza kununua saruji mbovu kwa risiti nzuri.

La pili ni kuchelewa. Fedha za mwaka ulioishia Juni 2022 zilijadiliwa bungeni kwa kina Novemba 2023. Hiyo ni miezi 16. Katika muda huo mkurugenzi anaweza kuwa amehamishwa, mkandarasi amelipwa na kuondoka, na zege limekwishakauka.

Sasa twende kwenye ghorofa la mama. Kibali cha ujenzi hakitoki Dodoma. Kinatolewa na halmashauri. Mwenye kiwanja hupeleka michoro, na maofisa huangalia kama matumizi ya kiwanja yanalingana na mpango wa mji, kama nguzo na msingi vinaweza kubeba mzigo, kama afya na zimamoto wameridhika. Baada ya kibali, mkaguzi anapaswa kufika katika hatua mbalimbali, kwa sababu nondo zikishafunikwa na zege hakuna jicho linaloziona tena. Pembeni zipo bodi zinazosajili wahandisi, wabunifu wa majengo na makandarasi, zenye uwezo wa kumfutia mtu usajili.

Sitaki kujifanya malaika. Miaka kadhaa iliyopita nilijenga vyumba viwili vya uani bila kibali. Nilijiambia ni vidogo, na kwamba kusubiri kungenichukua mwaka mzima. Ofisa mmoja alifika, akatazama, akaandika kitu katika daftari lake na kuondoka. Sikumwona tena. Vyumba vyangu havijaanguka, lakini najua sasa kwamba vimesimama kwa bahati, maana hakuna aliyevipima. Anayeongeza ghorofa ya sita juu ya msingi wa tatu anajiambia maneno yale yale niliyojiambia mimi, ila mzigo wake utawaangukia watu wengine.

Je, minyororo hii miwili inakutana wapi? Inakutana mezani kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mshahara wa mkaguzi wa majengo, mafuta ya gari lake na ada ya vibali vyote ni fedha za umma zilizo katika bajeti. Na sheria ya ukaguzi ya mwaka 2008 inampa Mkaguzi Mkuu nafasi ya kufanya ukaguzi wa ufanisi, yaani kutazama kama kazi iliyolipiwa imefanyika, mbali na kuangalia kama risiti zipo. Kwa hiyo mbunge hahitaji kupanda jengo kuhesabu nondo. Anachohitaji ni kumwuliza Afisa Masuuli maswali matatu: mwaka huu mmetoa vibali vingapi, mmekagua majengo mangapi na katika hatua zipi, na mmesimamisha mangapi? Asiyeweza kujibu, hata akiwa na hati safi, hajafanya kazi.

Mama yangu, hili ndilo jibu langu kwako. Bunge halioni kwa sababu hakuna aliyelipelekea jambo hilo. Andika barua uliyoambiwa uandike, nakala yake uigongeshe muhuri wa kupokelewa, na nyingine umpe diwani wako, kwa sababu yeye huketi katika baraza linalomsimamia mkurugenzi. Nakala ya tatu mpe mbunge. Jambo likiulizwa kwenye mkutano wa mtaa, likaandikwa katika muhtasari, haliwezi tena kuitwa uvumi. Angalia pia kama penye ujenzi pana bango lenye jina la mkandarasi na mhandisi. Kama halipo, liandike nalo. Na wakati unasubiri majibu, tafadhali hamisha jiko lako.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakasema tena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mitaa yetu ufa usiozibwa umekwisha kutugharimu zaidi ya ukuta.

Hadi wiki ijayo.