KISANGANI: MJI ULIOZALIWA NA MTO

Leo tutazungumza juu ya mji wa Kisangani. Mji huu uko katika nchi ya Kongo, jirani zetu wa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baadhi yenu mmepata kusikia jina lake katika redio, hasa wakati wa vita. Lakini mji si vita tu. Hebu tuanze mwanzo.

Kwa nini mji uko pale?

Mto Kongo ni mto mkubwa sana. Kwa urefu, katika Afrika unazidiwa na mto Naili peke yake. Meli na matishari hutoka Kinshasa, mji mkuu, na kupanda mto kiasi cha kilomita 1,700. Wakifika Kisangani, basi, safari imekwisha. Mbele yao kuna maporomoko saba ya maji, yamefuatana katika mwendo wa kilomita 100 hivi. Hakuna meli inayoweza kupita.

Sasa fikirini. Mahali meli inaposimama, mizigo hushushwa. Mizigo ikishushwa, huja wapagazi, wauza chakula na wenye maduka. Hivyo ndivyo mji unavyozaliwa. Mwaka 1906 ilifunguliwa reli ya kilomita 125 toka Kisangani hadi Ubundu, ili mizigo iyazunguke maporomoko hayo.

Wenyeji wa mto

Kabla ya meli walikuwako wavuvi. Penye maporomoko wanakaa Wagenia. Hawa husimika nguzo kubwa za miti kati ya mawe, pale maji yanapokwenda kwa nguvu, na kuzifunga kwa kamba za mwituni. Kisha huning'iniza migono mikubwa. Maji yenyewe huwasukuma samaki ndani. Kazi hii ni ya hatari, tena ni ya ufundi, na wazee wameirithisha kwa vijana mpaka leo. Tawala nyingi zimekuja na kwenda. Wagenia bado wanavua.

Kiswahili kilifikaje huko?

Ukienda Kisangani leo utasikia Kilingala na Kiswahili. Kilingala kilipanda na mto kutoka magharibi. Kiswahili kilikuja kwa miguu kutoka kwetu. Njia yake ilikuwa ile ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, halafu ng'ambo ya ziwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu.

Tusifiche ukweli. Misafara hiyo ilitafuta pembe za ndovu, na ilikamata watu na kuwafanya watumwa. Mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed wa Unguja, aliyeitwa Tippu Tip. Lugha tunayojivunia ilifika kule pamoja na minyororo. Lakini watu wa kule wameifanya lugha yao, na leo wanaitumia sokoni na nyumbani.

Mzungu Stanley alipita kwenye maporomoko hayo Januari 1877. Mwaka 1883 alirudi akaweka kituo katika kisiwa, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe alikubali kuwa gavana wa mfalme huyo pale. Lakini urafiki wa biashara haudumu. Kuanzia 1892 Wabelgiji walipigana na wafanyabiashara wale na kuwashinda. Mji ukaitwa Stanleyville, yaani mji wa Stanley.

Karani wa posta

Katika mji huo alifanya kazi kijana mmoja, karani wa posta. Alijiendeleza kwa kusoma, kama ninyi mnavyojiendeleza. Jina lake Patrice Lumumba. Oktoba 1959 chama chake kilifanya mkutano hapo. Serikali ya kikoloni ikatumia nguvu, watu wakauawa, na Lumumba akatiwa ndani. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru, naye alikuwa Waziri Mkuu. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Mwaka 1964 wapiganaji walioitwa Simba waliuteka mji. Walishika mateka Wazungu wengi. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani. Magazeti ya dunia yaliandika sana juu ya Wazungu waliokufa. Wakongo waliokufa katika vita vile walikuwa maelfu, lakini habari zao ziliandikwa kidogo. Mwaka 1966 mji uliacha jina la Stanley ukaitwa Kisangani.

Siku sita za Juni

Jambo zito zaidi lilitokea mwaka 2000. Majeshi ya Uganda na Rwanda yaliingia Kongo mwaka 1998 yakiwa marafiki. Kumbe wakagombana wao kwa wao, ndani ya mji wa watu wengine! Huko kuna almasi na njia za biashara, na kila mmoja alitaka kuwa mkubwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni walipigana kwa mizinga katikati ya nyumba za watu. Umoja wa Mataifa ulieleza kuwa raia zaidi ya 760 waliuawa, wapatao 1,700 walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa. Wazee walisema kweli: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Kongo ilishitaki. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona kuwa Uganda ina makosa, na mwaka 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vyote. Rwanda haikuhukumiwa kwa sababu haikuwa imekubali mamlaka ya mahakama hiyo katika shauri hilo.

Tunajifunza nini?

Mto uliupa mji huu maisha. Mto huo huo uliwaita wote waliotaka mali: wenye misafara, mfalme, na majeshi. Kila aliyetaka njia aliutaka mji, na waliolipa ni wakazi. Basi tukisoma historia ya mji wowote tusiishie kwenye majina ya wakubwa. Tuulize pia: wavuvi walikuwa wapi? Mama wauza samaki walikimbilia wapi?

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

1. Kwa nini meli haziwezi kupita Kisangani?
2. Kiswahili kilifika Kongo kwa njia gani?
3. Mji ulio karibu nanyi ulianza kwa sababu gani? Waulizeni wazee, kisha mwandike majibu yao.