Ziwa Jilore Hulindwa Kuanzia Shambani

Mvua inaponyesha, Mto Sabaki hugeuka mwekundu na kuibadilisha hata rangi ya bahari ya Malindi. Wekundu huo ni udongo wa mashamba unaosombwa na maji.

Ziwa Jilore, lililo kwenye bonde la mto huo, hutegemea mafuriko yake. Mafuriko yanapoleta maji, huleta tope pia. Tope likituama, kina hupungua, na wakati wa kiangazi ziwa hukauka mapema. Mvuvi hukosa samaki, mfugaji hukosa pa kunyweshea mifugo.

Hasara hiyo haiishii Jilore. Visima vya Baricho vilivyo kando ya mto huohuo ndivyo tegemeo la maji ya mfereji Malindi na Magarini, ikiwemo Gongoni.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inawapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Vyama hivi hushirikiana na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kulinda kingo na kusuluhisha mizozo ya maji.

Wakaazi wanahimizwa:

- Kutolima hadi ukingoni. Waache angalau mita 6 za nyasi na miti.
- Kuchimba matuta yanayokingama mteremko.
- Kunywesha mifugo sehemu moja iliyotengwa.
- Kutoosha pikipiki wala vyombo vya dawa za shambani mtoni.

Kwa ushauri kuhusu matuta na miche, fika kwa afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya mvua za masika.