Jina "Mtemi" na Matumizi Yake Yaliyo Sawa

Walimu wengi, wafundishapo habari za Unyanyembe na njia ya zamani ya misafara, humwita mtawala wa nchi ile mara sultani, mara chifu, mara mfalme, kana kwamba majina hayo ni mamoja. Sivyo. Kila jina lina watu waliolileta, na kila moja hueleza kwa namna yake mamlaka ya mtawala yalitoka wapi. Basi yafaa tuyatenge.

Jina la wenyeji ni mtemi. Wakiwa wengi ni watemi, wala si "matemi". Cheo chake, na nchi yake pia, ni utemi. Asili yake ni kutema, yaani kukata. Mwanafunzi asidhani ni kutema mate. Wazee hulieleza kwa njia mbili: mtemi ni wa ukoo uliotangulia kukata pori na kufungua nchi, tena ndiye akataye mashauri ya watu. Wasukuma, Wakimbu na Wagogo nao walikuwa na watemi, hata msafiri atokaye Bagamoyo alianza kukutana nao Ugogo. Lakini akiisha kupita Tabora kwenda Ujiji, katika Uha alimkuta mwami; naye asiitwe mtemi.

Sultani ni jina lililokuja na wafanyi biashara Waarabu. Burton na Speke, waliofika Kaze penye Tabora mwaka 1857, waliliandika katika habari zao, na Wadachi wakalitumia katika serikali yao. Ubaya wake ni huu: Seyyid Barghash alitawala Unguja tangu 1870 hata 1888, na Waarabu wa Tabora walikuwa na liwali aliyewaunganisha na Unguja. Wakati uo huo Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe, tangu 1876 hata alipokufa katika vita na Wadachi mwaka 1893. Mwanafunzi akisoma "sultani" kwa wote wawili, atajuaje amri ya nani ilitoka kwa nani? Huenda akadhani Isike alikuwa mtumishi wa Unguja, naye alirithi utemi wake kwa ukoo.

Mfalme ni neno jema, lakini lina hatari yake. Anayesema "mfalme wa Wanyamwezi" asema juu ya mtu asiyekuwapo, maana Unyamwezi ulikuwa na temi nyingi, kila moja na mtawala wake. Hata Mirambo, aliyeshinda nchi nyingi kabla ya kufa mwaka 1884, hakuwatawala Wanyamwezi wote. Unyanyembe haukuwa wake. Stanley, aliyepigana naye pamoja na Waarabu mwaka 1871, alimhesabu kuwa mnyang'anyi. Mwaka 1876 walifanya udugu wa damu. Mtu ni yule yule. Lililobadilika ni jicho la mwandishi. Mwalimu asirithi jina alilotoa adui pasipo kulieleza.

Chifu ni neno la serikali ya Waingereza. Lilimkusanya mtemi, mangi wa Wachaga na zumbe wa Washambaa chini ya jina moja, ili waandikwe katika daftari moja. Hudokeza mtu aliyewekwa na serikali. Na huko Kenya chifu ni mtumishi wa serikali hata leo. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu katika serikali mwaka 1963. Sheria ile iliondoa kazi yao serikalini. Haikuondoa heshima ambayo koo na wazee huwapa watemi wao.

Basi tushike kanuni hizi. Kwanza, mtawala atajwe kwa nchi yake: "Mtemi wa Unyanyembe", si "Mtemi wa Tabora", kwa maana Tabora ni mji tu katika nchi ile. Pili, tusiseme "Chifu Mtemi". Huko ni kumvika mtu kofia mbili. Tatu, mwanamke naye ni mtemi: Nyaso, aliyewekwa na Wadachi baada ya Isike, ni Mtemi Nyaso, wala haimpasi kuitwa malkia. Nne, mkuu wa kijiji chini ya mtemi ni mwanangwa, nao wengi ni wanangwa. Asiitwe "mtemi mdogo". Tano, tunaponakili maandiko ya zamani tusiyabadili, bali tueleze kando. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, amejulikana kote kwa jina la Chifu Fundikira. Liachwe lilivyo, ila wanafunzi waambiwe kwamba kwao cheo chake kilikuwa mtemi.

Tena twaona ajabu moja. Makao ya mtemi yaliitwa ikulu, na neno hilo Kiswahili kimelipokea, hata leo ndilo jina la makao ya Rais wa Tanzania. Tumeitunza nyumba kwa jina lake la asili. Je, mwenye nyumba astahili kuitwa kwa jina la kuazima?