Jina la Mwenye Kazi

Katika ukumbi wa shule yetu, wengi wetu twaukumbuka ule ubao wa majina. Makapteni wa mpira na viranja wakuu wameandikwa pale kwa rangi ya dhahabu, mwaka hata mwaka. Lakini yule kijana aliyekuwa akichora mistari ya uwanja kwa chokaa kila Ijumaa jioni, jina lake halimo. Mchezo usingaliweza kuchezwa bila yeye. Jambo hilohilo lawasumbua watu ambao pengine wasomaji wengi hawajapata kuwafikiri, yaani watengenezaji wa programu huria za kompyuta.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yamewekwa wazi, hata kila mtu aweza kuyasoma, kuyatumia, kuyabadili na kuwagawia wengine. Mfano mkubwa ni Linux. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwatangazia wenzake kwa kompyuta kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea mashine, tena akasema ni kazi ya kujifurahisha tu. Leo kila simu ya Android yaendeshwa na Linux, na huenda wewe unayesoma unayo mfukoni. Maelfu ya watu wameichangia. Mtu wa Kampala aweza kutuma kiraka, maana ndivyo liitwavyo badiliko dogo la kuziba kosa, kwa mtu wa Berlin ambaye hatamwona maisha yake yote.

Siku hizi wengi wa hao wa Linux hulipwa na makampuni. Lakini katika programu nyingine nyingi, hasa zile ndogo, watu hufanya kazi usiku baada ya kazi zao za mchana wala hawapati senti. Mtu wa namna hiyo apata nini? Apata elimu, apata furaha ya kazi, na apata jina. Jina hilo si upuuzi. Kijana asiye na cheti kikubwa aweza kumwonyesha mwajiri: tazama, kazi hii ni yangu, na jina langu ndilo hili. Basi ukimnyima jina umemnyima mshahara wake.

Linux ilipotoa toleo lake la 1.0 mwaka 1994, ilikuwa na faili ya kuwashukuru wachangiaji. Herufi N hutangulia jina, D hutangulia kazi aliyoifanya mtu, na S anwani yake ya posta. Faili hiyo ingalipo. Shida yake ni kwamba lazima mtu akumbuke kuandika, na binadamu husahau. Mwaka 2005 Torvalds akatengeneza chombo kiitwacho Git, ambacho huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelitunga, na mbali na hilo, jina la aliyelipokea na kulitia mahali pake. Hivyo mtunzaji anayepokea kiraka cha kijana hageuki kuwa mwenye kiraka. Chini yake huongezwa mistari mingine: nani aliyeripoti kosa, nani aliyekijaribu kiraka, nani aliyekikagua, nani aliyetoa shauri. Mwongozo wa Linux wasema wazi kwamba kumtaja aliyegundua kosa kwaweza kumtia moyo asaidie tena.

Hata hivyo vyombo havimalizi ugomvi. Mwaka 2023 kijana mmoja alieleza hadharani jinsi alivyohangaika na kosa ndani ya Linux, akalifuata mpaka chanzo chake, akatuma kiraka. Mtunzaji akapendelea kulitengeneza kwa njia nyingine, akaandika kiraka chake mwenyewe, na kijana akatajwa kuwa aliyeripoti tu. Watu wakagawanyika. Wengine walisema maandishi yalikuwa ya mtunzaji, kwa hiyo jina ni lake. Wengine walisema kazi ngumu ilikuwa kulitafuta kosa, na kwamba mtunzaji angeweza kumwongoza kijana akiandike upya mwenyewe. Mimi nasimama na hawa wa pili. Mwalimu asahihishaye insha haiandiki upya na kutia sahihi yake.

Kwa upande mwingine, kuhesabu kazi kama mahindi kwaleta hasara. Kampuni moja ya Marekani, DigitalOcean, ilianzisha mwaka 2014 sherehe ya kila Oktoba iitwayo Hacktoberfest: kwa miaka kadhaa aliyetuma mabadiliko manne aliweza kupata fulana. Nia ilikuwa njema. Lakini Oktoba 2020 ilikuja gharika ya mabadiliko ya ovyo, kama kuongeza neno la sifa katika kichwa cha maelezo, na watunzaji wakashinda wakiyatupa. Mwezi huohuo ikabidi sheria igeuzwe, zihesabiwe zile programu tu ambazo wenyewe wamekubali kushiriki. Tena wako ambao hesabu ya viraka haiwaoni kabisa: watafsiri, waandishi wa maelezo, na wale wanaojibu maswali ya wageni kwa subira. Mpango uitwao All Contributors huwaorodhesha hao pia, kila mmoja na alama ya kazi yake.

Lakini zawadi niipendayo mimi ni ya Donald Knuth, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyetengeneza programu ya TeX ya kupangia maandishi ya vitabu. Kwa miaka mingi alimpelekea kila mtu aliyegundua kosa katika vitabu vyake hundi ya dola 2.56. Wengi hawakwenda benki. Walizitia hundi hizo katika fremu na kuzitundika ukutani. Wengine wakaweka picha zake kwenye intaneti, na nambari ya akaunti ya mzee ikaonekana na wezi. Kwa hiyo tangu mwaka 2008 hutoa hundi za benki ya nchi isiyokuwako duniani, San Serriffe. Haziwezi kununua hata kikombe cha chai, na watu wangali wakizitafuta kwa kusoma vitabu vyake mstari kwa mstari.