Shamba Limelowa, Mahindi Yanakufa Kiu

Ndugu msomaji, umepata kuona jambo hili? Mfereji una maji, ardhi imelowa, lakini mahindi yamenyauka kama ya kiangazi. Ncha za majani zimekauka, na juu ya udongo pana ukoko mweupe. Usimtafute mchawi. Ni chumvi.

Nyunyizia chumvi nyanya iliyokatwa, ungoje kidogo: maji yatatoka. Chumvi huvuta maji. Vivyo hivyo udongoni huyashika maji, mizizi isiweze kuyanyonya. Mmea hufa kiu na maji yapo.

Chumvi hiyo yatoka wapi? Katika nchi kame zenye kumwagilia, kama tambarare za chini ya Moshi, maji yenyewe huileta, hata kama ulimi hauionji. Jua huchukua maji, chumvi hubaki. Mwaka kwa mwaka huongezeka. Tena pasipo na mfereji wa kutolea maji, maji ya chini ya ardhi hupanda na chumvi yake.

Nafaka hazilingani kwa uvumilivu. Shayiri huzishinda zote. Hufuata mtama na ngano. Mpunga na mahindi hudhurika upesi. Mpunga waweza kuota vizuri ukakudanganya, kisha miche michanga ikaungua. Na chumvi ikiukuta katika kuchanua, masuke hujaa mapepe. Siku ya mavuno ghala ni tupu, na watoto wanangoja.

Tufanye nini basi? Kwanza, chimba mfereji wa kutolea maji. Ndipo umwage maji matamu kwa wingi, yaoshe chumvi na kutoka nayo. Ukimwaga bila kuyapa njia, unaongeza balaa.

Pili, chagua mbegu. Kwa mpunga zipo SATO 1 na SATO 9, zilizotolewa Tanzania kwa ajili ya mashamba ya chumvi. Pandikiza miche iliyokwisha kupata nguvu.

Tatu, ukoko ukiwa mweusi, udongo mgumu na maji yakituama, yaelekea ni magadi. Hapo kuosha tu hakutoshi. Hutakiwa jasi, kama ile ichimbwayo Makanya, wilaya ya Same. Mwombe bwana shamba udongo upimwe, akuambie kiasi.

Na jambo la mwisho: mfereji wako usiishie shambani kwa jirani. Shikeni majembe pamoja, mchimbe mpaka mfereji mkuu. Chumvi uliyomsukumia mwenzako haijaondoka kijijini.