Petroli si Mafuta ya Taa

Petroli na mafuta ya taa hutoka katika mafuta ghafi yachimbwayo ardhini. Kiwandani mafuta hayo huchemshwa. Petroli hutangulia kutoka, kisha mafuta ya taa. Ni ndugu, lakini tabia zao ni tofauti.

Mafuta ya taa yakiwa baridi hayatoi mvuke mwingi. Kwa hiyo huwaka polepole kwenye utambi. Petroli hutoa mvuke hata wakati wa baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka jikoni. Ukikutana na moto, moto hurudi mbio hadi kwenye dumu.

Basi, shika haya:

1. Usitie petroli katika kibatari wala jiko, hata kidogo.

2. Usiweke mafuta ya taa katika dumu lililokuwa na petroli.

3. Zima kibatari kabla ya kuongeza mafuta.

4. Mafuta yakiwaka, usiyamwagie maji. Mafuta huelea, na moto husambaa. Yafunike kwa mchanga.

5. Usiweke mafuta katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mpeleke zahanati upesi.

Tahadhari kabla ya hatari.